Boma la Mjerumani ni la nani? Ngome zinavyobadilishwa sura mpaka unapohama

Tangu Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aombe msamaha pale Songea Novemba 2023, kila mjadala wa kurudishiwa mabaki ya mababu zetu ukiibuka, swali moja huchomoza pembeni, iwe Mbeya au Iringa: mbona maboma yao bado tunayatunza? Mmoja atasema yabomolewe, yanatukumbusha unyonge. Mwingine atasema yaachwe, watalii wanaleta hela. Wa tatu, na huyu hakosekani, atashusha sauti aseme chini ya msingi kuna mali ya Mjerumani. Katikati ya mabishano hayo utakuta watu wanachanganya ngome ya Kalenga ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Boma la pale Iringa mjini, kana kwamba ni jengo moja. Ni mawili, na moja lilijengwa baada ya lingine kubomolewa.

Mabishano haya si yetu peke yetu. Ulaya wameyapitia kwa majengo makubwa zaidi. Na la kushangaza, baadhi ya wanajeshi waliokuja kupigana na Wahehe walitoka kwenye maeneo yaleyale ambayo baadaye mpaka uliyahama. Tukiyaelewa ya kwao, ya kwetu yanakuwa mepesi.

Kwanza tuelewane. Ngome ni jengo la kujihami: kuta nene, lango moja, mahali pa kupigia risasi au mshale. Kasri ni makazi ya mtawala, hata kama halina pa kupigia mshale. Boma, kwa maana ya kiserikali, ni vyote viwili ukaongeza ofisi: Mjerumani alilala humo, akafunga watu humo, akahesabu kodi humo. Mpaka kuhama watu huwaza ni mstari kusogea kwenye ramani, na kweli Mto Songwe hufanya hivyo kila mafuriko yakiubadilisha mkondo kati yetu na Malawi. Lakini mpaka unaweza kuhama bila mstari kusogea hata hatua moja. Mstari wa Songwe uliowekwa na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 upo mpaka leo. Kilichobadilika mwaka 1916 ni mwenye nchi. Na itikadi ni yale ambayo watawala wanataka watu waamini kuhusu wao ni kina nani, wametoka wapi, na kwa nini nchi hii ni yao. Ngome ni mahali pazuri pa kuyafundishia, maana jiwe halibishi.

Chukua Coaster ya Iringa–Mafinga iliyouzwa. Injini ileile, viti vilevile, ila tajiri mpya anaanza kwa kukwangua maandishi ya kioo cha mbele aandike ya kwake. Akiona halifai, analiuza spea. Akiwa hana habari na maandishi, analiacha lipige kazi. Na wapo wanaolipeleka gereji, likarudi linang'aa kuliko lilivyoshuka melini, kisha wakakuapia kwamba ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo. Ngome nazo hupitia hayo manne: kubadilishwa jina, kubomolewa, kutumiwa tu, na kukarabatiwa. La mwisho ndilo linalowadanganya watu wengi, kwa sababu mtu anayebomoa tunamwona, lakini anayekarabati tunampigia makofi.

La jina halihitaji maelezo marefu. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Jina hilo lilitokana na mtukufu mmoja wa Ujerumani, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, mwenyekiti wa chama cha makoloni, na Langenburg ni ngome ya ukoo wake huko kusini mwa Ujerumani. Kwa hiyo watu wa Rungwe walikaa miaka chini ya jina la ngome ambayo hawakuwahi kuiona. Majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalipoingia Mei 1916, jina halikudumu. Kasanga iliyokuwa Bismarckburg, Manda iliyokuwa Wiedhafen, Liuli iliyokuwa Sphinxhafen, zote zilivuliwa hivyohivyo.

Kaisari mmoja na ngome zake

Mwaka 1900, mwaka ambao Wajerumani walijenga Boma la Iringa, mafundi wengine wa Kaisari wa Ujerumani, Wilhelm II, walikuwa wanapanda kilima huko Alsace kuanza kazi kwenye gofu lililoitwa Hohkönigsburg. Alsace ilikuwa ya Ufaransa mpaka 1871, Ujerumani ikaitwaa kwa vita. Gofu lenyewe lilikuwa limeachwa tangu Waswidi walipoliteketeza mwaka 1633. Mji wa Sélestat uliokuwa unalimiliki ukampa Kaisari kama zawadi mwaka 1899, zawadi ya kijanja ambayo gharama ya kuitunza inamhamia mpokeaji. Msanifu Bodo Ebhardt akalijenga upya hadi 1908, kwa zaidi ya marki milioni 2.

Angalia walichochagua. Ngome ile ilikuwa na karne nyingi ndani yake, zikiwemo karne mbili za Wafaransa na upweke wa kuwa gofu. Ebhardt aliirudisha kwenye karne ya 15, wakati eneo lile lilikuwa chini ya dola ya wafalme wa Kijerumani. Hakusema uongo kwa maana ya kubuni kila kitu. Alichimba, alipima, alichora kwa makini. Ila mtu akipanda pale mwaka 1908 alikuwa anaambiwa na kila bawaba ya mlango kwamba Alsace ni ya Ujerumani tangu enzi, na ile miaka ya Ufaransa ilikuwa ajali tu.

Upande wa mashariki Kaisari alikuwa na ngome ya pili ya kazi hiyohiyo: Marienburg, ambayo leo inaitwa Malbork na iko Poland. Hii inatajwa kuwa ngome kubwa kuliko zote duniani kwa eneo. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma kuanzia karne ya 13 na shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, watu wa joho jeupe lenye msalaba mweusi. Mkuu wa shirika alihamia hapo 1309. Mwaka 1457 askari wa kukodiwa waliokuwa wanalidai shirika mishahara waliiuza ngome kwa mfalme wa Poland, na wafalme wa Poland wakaishika mpaka 1772. Piga hesabu: watawa wale waliitumia kama makao makuu miaka 148, Wapoland miaka 315.

Halafu Prussia, dola kubwa ya Kijerumani wakati huo, ikaichukua, na hapa pana kichekesho. Hao Waprussia ambao wajukuu wao wangeilia kama urithi wa damu, wenyewe waliigeuza kambi ya askari na ghala, na kulikuwa na mpango wa kuibomoa ili kujenga ghala kubwa zaidi. Iliokolewa kwa sehemu na michoro ya kijana mmoja msanifu, Friedrich Gilly, ambaye baba yake ndiye aliyehusika na ule mpango wa kubomoa. Ukarabati ulianza 1817, na kuanzia 1882 Conrad Steinbrecht aliusimamia kwa miaka 40. Nyongeza nyingi za zama za wafalme wa Poland ziliondolewa, ili kibaki kile cha watawa. Miaka 315 ikafutwa kwa nyundo na patasi, na jengo likawa zuri sana.

Juni 1902 Kaisari alikwenda pale kwa sherehe. Watu walivalishwa majoho meupe yenye misalaba myeusi, wakasimama kana kwamba karne tano hazikupita, na Kaisari akahutubia akilaumu kiburi cha Wapoland. Nikiwaza picha hiyo huwa najiuliza kama ilikuwa imepita miaka mingapi tangu Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani. Ilikuwa karibu 11. Najiuliza hivyo kwa sababu Emil von Zelewski, yule ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliyeuawa na Wahehe Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, alizaliwa Bendargau, katika Prussia Magharibi, eneo lilelile la Marienburg. Leo kijiji hicho kinaitwa Będargowo na kiko Poland. Tom von Prince, Bwana Sakarani, mmoja wa walioongoza kuivunja Kalenga, alisoma Liegnitz, ambayo leo ni Legnica, nayo iko Poland. Waliokuja kuhamisha mipaka yetu, kwao nako mpaka ulihama.

Karatasi moja iliyobeba vyote

Mwaka 1919 Ujerumani iliyoshindwa ilisaini Mkataba wa Versailles. Huo huo mkataba uliirudisha Alsace kwa Ufaransa, pamoja na Hohkönigsburg na marki zake zote. Uliikabidhi Poland mji wa Poznań, ambako Kaisari alikuwa amemaliza kujenga kasri jipya kabisa mwaka 1910. Uliivua Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo. Na kifungu cha 246 kikasema fuvu la Mkwawa lirudishwe ndani ya miezi 6. Halikurudi ndani ya miezi 6. Lililetwa Kalenga Juni 1954 na Gavana Edward Twining, ambaye naye hakulileta kwa huruma tupu, Waingereza walihitaji Wahehe wawe upande wao.

Wenye mali wapya walifanya nini? Wafaransa hawakuibomoa Hohkönigsburg. Walibadilisha jina likawa la Kifaransa, wakaanza kukata tiketi. Ndani bado kuna mahali pa moto ambapo Kaisari, kwenye ziara yake ya mwisho mwaka 1918, aliacha maneno ya Kijerumani yanayosema hakuyataka haya, yaani vita. Wafaransa waliyaacha palepale. Mimi naona hilo ni adhabu kali kuliko kubomoa.

Wapoland wa Poznań walilitumia kasri kama chuo kikuu. Mwaka 1939 Ujerumani ikarudi, kanisa dogo la Kaisari likageuzwa ofisi ya Hitler. Baada ya vita watu walitaka lisawazishwe chini, lakini mji ulikuwa umevunjika na paa lilikuwa bado zima. Leo ni kituo cha utamaduni.

Kwa nini moja lilipona na lingine likafa

Mwaka 1945 mpaka ulihama tena, safari hii pamoja na watu. Wajerumani walifukuzwa, Wapoland wakahamishiwa walikokuwa Wajerumani. Malbork ilikuwa imebomoka zaidi ya nusu kwa mizinga. Umbali wa kama Mbeya hadi Tunduma na zaidi kidogo hivi, mji wa Königsberg nao ulikuwa na ngome ya watawa walewale, iliyoanzishwa 1255, mahali alipotawazwa mfalme wa kwanza wa Prussia mwaka 1701. Nayo ilikuwa gofu. Ngome mbili, shirika moja, tofali moja, uharibifu unaofanana, na wenye nchi wapya wote wakomunisti.

Poland iliijenga Malbork. Ikawa makumbusho 1961, ikaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 1997. Umoja wa Kisovieti uliubadilisha mji wa Königsberg jina ukawa Kaliningrad mwaka 1946, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukalipua kilichobaki cha ngome, ingawa baadhi ya wenyeji wapya walipinga. Jirani na pale likaanza kujengwa jengo la zege la utawala, Nyumba ya Masovieti, mwaka 1970. Halikumalizika kamwe. Mwaka 2005 mji ulipoadhimisha miaka 750 lilipakwa rangi na kuwekewa vioo ili lipendeze mbele ya wageni, ndani likiwa tupu. Limebomolewa miaka ya 2023 na 2024. Ngome iliyodumu karne saba ilibadilishwa na jengo ambalo halikuwahi kufungua ofisi.

Tofauti ni ile miaka 315. Wapoland waliingia Malbork wakatafuta nyayo zao wakazikuta: mfalme wao aliinunua, wafalme wao walilala humo. Wangeweza kuwaonyesha wageni karne ambazo Steinbrecht alizifuta. Warusi waliingia ngome ya Königsberg wakatafuta nyayo zao wakakuta chache mno. Mwenye nchi mpya hutunza jengo akiona nyayo zake ndani yake, au akihitaji paa lake. Akikosa vyote viwili, jengo lina hatari.

Hata wanaopenda kubomoa hawamalizi kazi. Kasri la Berlin lilibomolewa na serikali ya kikomunisti 1950, mahali pake pakajengwa jumba la bunge lao lililofunguliwa 1976. Ujerumani ilipoungana, jumba hilo nalo likabomolewa, na kasri likajengwa upya kwa zege, likavalishwa kuta tatu za mtindo wa zamani. Linaitwa Humboldt Forum, lilifunguliwa kwa umma 2021. Humo ndimo linamokaa jumba la makumbusho lenye vitu vilivyochukuliwa makoloni, vikiwemo vya Tanzania. Kwa hiyo ukiona picha ya vitu vya kwetu ndani ya kasri la kale la Berlin, ujue kasri lenyewe ni changa kuliko nyumba nyingi za Ilula.

Mali ya Mjerumani

Lazima niseme kuhusu hazina, maana bila hivyo makala haya hayatasomwa Mbeya. Wapo wanaoamini kwamba maboma yanatunzwa kwa sababu wakubwa wanajua kilichofukiwa. Usiku watu wanachimba, misingi inatoboka.

Poland wana ugonjwa huohuo. Agosti 2015 habari zilivuma dunia nzima kwamba treni ya dhahabu ya Wanazi imefukiwa karibu na Wałbrzych, si mbali na kasri la Książ, ambako wafungwa wa kambi walilazimishwa kuchimba mahandaki wakati wa vita. Mwaka 2016 wakachimba. Hapakuwa na treni. Na katika ngome ya Königsberg ndimo kilimoonekana mara ya mwisho Chumba cha Kaharabu, yaani mapambo ya kuta ya kaharabu yaliyoporwa Urusi. Watu wamelifukua eneo lile miaka na miaka.

Hazina huzuka katika hadithi pale mwenye nyumba anapoondoka ghafla, na aliyeingia hajui alichokikuta. Kuhusu Wajerumani wa hapa, ushahidi unaelekea kwingine: mwaka 1916 walikuwa wameishiwa sarafu kiasi cha kufyatua rupia 15 za dhahabu katika karakana ya reli Tabora. Mtu mwenye masanduku ya kufukia hasumbuki kiasi hicho. Lakini kuna dhahabu moja ambayo wachimbaji wanaivunja kweli, nayo ni msingi wenyewe.

Turudi Iringa

Sasa weka Kalenga na Boma upande kwa upande. Kalenga ilikuwa ngome ya mawe ya Mkwawa kando ya Ruaha Mdogo. Wajerumani waliipiga mizinga, wakaiteka tarehe 30 Oktoba 1894, wakaubomoa ukuta. Hawakuwa na nyayo humo, na paa lake hawakulihitaji. Mwaka 1896 Prince akaweka kituo kipya juu ya kilima, kama kilomita 15 hivi kutoka pale, akakiita Iringa Mpya. Hata jina walilihamisha.

Boma lilipata bahati ya paa. Waingereza walilikuta zima wakaweka ofisi. Serikali yetu nayo ikaweka ofisi baada ya uhuru. Tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Boma la Tukuyu nalo lilipita njia hiyohiyo ya ofisi.

Wanaosema Boma si letu wanamtazama aliyetoa amri. Lakini nani alipasua mawe? Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, asiye na rupia alilipa kwa kazi, na vituo vya Wajerumani nchi nzima vilijengwa kwa mikono ya wenyeji. Zikafuata nyayo za makarani, wafungwa, askari, wadai haki waliosubiri barazani, na watu wetu walioanza kukalia meza zile 1961. Mimi siwezi kuliita jengo hilo la Wajerumani. Wao walikaa humo miaka 16 tu.

Ninachokiogopa ni ukarabati. Huwa nasikia hoja kwamba ukuta wa Kalenga ujengwe wote upya, mrefu, wenye lango, watalii wapige picha. Naelewa hamu hiyo. Ni haki yetu kuliko ilivyokuwa haki ya Kaisari kule Alsace. Ila tukiujenga bila alama, baada ya miaka 50 mtoto wa shule hataona kwamba ulibomolewa, atadhani Mkwawa aliuacha mzima. Malbork wamelijifunza hilo kwa tabu. Kanisa la ngome lilipokamilishwa 2016, paa la ndani lilirudishwa lakini makovu ya vita yakaachwa ukutani, mgeni anaona wapi pa zamani pamekoma na wapi pa jana pameanzia. Kalenga inaweza kujengwa mita chache hivyohivyo, jiwe jipya likiwa na rangi yake, na palipobomolewa pakabaki pamebomolewa.

Ukipata nafasi ya kwenda, anza Kalenga asubuhi, kwenye fuvu na mabaki ya ukuta, ndipo urudi mjini uingie Boma. Ukianza na Boma, historia itaanza na Mjerumani. Na ukifika Boma usitosheke na chumba kimoja chenye picha. Muulize anayekutembeza mawe yale yalitoka wapi, na nani aliyabeba.